Mkwaju unachelewa, lakini na nyumba je?

Mshauri mtu anayejenga Nala au Ihumwa, pembezoni mwa Dodoma, apande mkwaju uani, atakujibu neno moja: unachelewa. Mwarobaini, atasema, miaka mitatu minne umeshaketi kivulini. Ni kweli, na siubezi. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Mti unaoota upesi hapa na kustahimili kiangazi, tena mbuzi wasioupenda, unastahili heshima.

Ila hili la kuchelewa limekubaliwa bila kupimwa. Mkwaju mchanga hutanguliza mzizi kwenda chini, nasi tunautazama juu tu. Tena mara nyingi tunauchelewesha wenyewe: mche umekaa kwenye kiriba, ule mfuko wa kitaluni, hadi mzizi umejikunja, halafu unapandwa Aprili mvua zikiaga. Loweka mbegu usiku kucha, ufukie mbili tatu shimoni penyewe mvua za kwanza zikishika, kisha ubakishe mche wenye nguvu.

Na hebu tujiangalie tunavyojenga. Kiwanja kinanunuliwa, msingi unamwagwa, fedha inakata, tofali zinalala, bati linafika baada ya miaka mitano, pengine zaidi. Muda wote huo ardhi iko wazi, jua linaichoma. Mkwaju uliopandwa mara tu bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja, zilipothibitishwa huwa umempita mtu kimo siku mwenye nyumba anapohamisha vyombo. Aliyesubiri kuhamia ndiyo apande, huyo ndiye aliyechelewa.

Maji nayo yahesabiwe. Mei hadi Novemba ni wiki 30 hivi. Ndoo moja ya lita 20 kwa wiki inafanya lita 600. Viangazi viwili, lita 1,200. Mti ukishashika, mzizi unajitafutia. Lita 1,200 ni matangi mawili madogo, kwa kivuli cha wajukuu! Bustani ya nyasi inayopendwa siku hizi itadai maji kila kiangazi, mgawo uwepo usiwepo.

Pingamizi zito kwangu ni jingine: nani atabeba hizo ndoo hadi kwenye kiwanja kitupu? Asipokuwepo jirani wa kuaminika, na wigo wa matawi ya mgunga kuzuia mbuzi, mche hautafika Juni. Wengine wanaogopa majini ya mkwajuni. Imani hiyo siidharau, lakini wapo waliokulia chini ya mikwaju na kunywa uji wake wakiwa wazima. Tena usidanganywe na jina. Waarabu waliuita tende ya Kihindi na wanasayansi wakaongeza *indica*, ilhali asili yake ni Afrika. Mwarobaini ndio uliotoka Bara Hindi.

Nafasi ndiyo inayoamua. Mkwaju mkubwa hutandaza matawi mita kumi na zaidi, na ni vyema ukae mita nane au kumi kutoka ukutani na kwenye shimo la choo. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 chenye nyumba katikati hakiuwezi, na mwenye nacho atafute mti mdogo. Mwenye nafasi, hasa yule ambaye msingi wake haujapata tofali, namsihi achimbe shimo upande wa magharibi, linakotokea jua kali la alasiri, kabla hajaagiza lori jingine la mchanga.