EJ20 ya turbo na dhambi za wengine

Ukitaja Subaru Forester ya turbo kwenye gereji yoyote ya Nairobi, hukosi kupewa ushauri uleule: nunua, lakini ununue na injini ya akiba. Wanaosema hivyo si wajinga. Wameshusha injini hizo, wameshika mikononi pistoni zilizovunjika na beringi zilizosagika, na wamewaona wenye magari wakiondoka na pesa za chuma chakavu. Ubishi wangu nao ni mdogo: nani hasa aliyeua hizo injini?

Ninayoizungumzia ni EJ205, injini ya ukoo wa EJ20, iliyo kwenye Forester XT ya umbo la SH5, zile zilizojaa barabarani kwetu kabla ya kanuni ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane kuzifungia mlango bandarini. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 1,994, pistoni nne zimelazwa, mbili kushoto na mbili kulia. Forester ya umri huohuo isiyo na turbo, lita mbili vilevile, hutoa nguvu farasi 148. Ya turbo hutoa 230, na msokoto wa nyutoni-mita 319 ukiwa kwenye mizunguko 2,800 tu kwa dakika. Anayeishi Mombasa ataona hizo ni mbwembwe. Aliye Nairobi yuko mita 1,795 juu ya bahari, ambako kanieneo ya hewa imepungua kwa karibu moja ya tano, na injini isiyo na turbo hupungua nguvu pamoja nayo. Zile farasi 148 huku juu ni kama 120. Turbo inasukuma hewa ndani yenyewe, kwa hiyo sehemu kubwa ya upungufu huo inauziba. Panda Limuru na abiria wanne na mizigo ndipo utajua kwamba turbo si kitu cha vijana wa kupiga kelele usiku peke yao.

Ila haizibi bure. Ili kufikisha msukumo uleule kutoka kwenye hewa nyepesi, turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi kuliko ingezunguka pwani, na kuzunguka kwenyewe tayari ni zaidi ya mara laki moja kwa dakika, upande mmoja ukichomwa na moshi wa eksosi. Shafti yake haikai juu ya gololi. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Shikilia hapo, tutarudi.

Kwanza nimalize kesi moja ya kusingiziwa. Sifa mbaya kuliko zote za Subaru ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya mwili wa injini na kifuniko chake: maji yanavuja, gari linachemka, hedi inapinda. Sifa hiyo ni ya kweli, ila mwenye nayo ni ndugu yake, EJ25 ya lita 2.5 isiyo na turbo, iliyofungwa gasketi ya tabaka moja. Za turbo zilifungwa gasketi ya chuma ya tabaka kadhaa, na hazikuugua ugonjwa huo kwa kiwango kile. Hata mwili wa injini ni tofauti. Silinda za EJ25 zina upana wa milimita 99.5, za EJ20 ni 92, na nafasi kati ya kitovu cha silinda moja na jirani yake ni ileile. Chuma kilichobaki katikati ni kingi zaidi kwenye EJ20. Pistoni zinazopasuka kingo za ringi, ambazo picha zake zinazunguka simu hadi simu, nyingi ni za lita 2.5 ya turbo. Jina kwenye buti ni lilelile, basi hukumu inatolewa kwa jina.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye gereji moja Kirinyaga Road, fundi akifungua turbo iliyokuwa ikipiga mluzi na kutoa moshi wa bluu. Hakuanza na turbo. Alianza na bolti yenye tundu katikati, ile inayopitisha oili kwenda huko. Ndani ya bolti hiyo mna chujio la wavu, dogo kuliko kifuniko cha kalamu. Alilitoa kwa koleo, akaligonga kwenye kiganja. Halikupitisha mwanga. Lilikuwa limejaa tope jeusi kama masimbi ya kahawa. "Hii ndiyo imekula turbo yako, boss," akamwambia mwenye gari, kijana wa miaka thelathini hivi. Kijana akaapa kwamba servisi hajawahi kuiruka. Na kweli, kadi ilikuwa inaning'inia chini ya boneti: oili ilimwagwa kila kilomita 10,000, bila kukosa.

Hapo ndipo nami hukwama kila mara. Mwezi Januari 1989, kabla Legacy, gari jingine la Subaru, haijaanza kuuzwa, Subaru waliipeleka gari hiyo, ya EJ20 yenye turbo, kwenye uwanja wa majaribio Arizona, Marekani, wakaikimbiza usiku na mchana mpaka ikamaliza kilomita 100,000. Ilichukua saa 447 na dakika 44, wastani wa kilomita 223.345 kwa saa, mapumziko ya kujaza mafuta yakiwemo. Wapenzi wa Subaru huitaja rekodi hiyo kama hirizi, na wapinzani wana jibu lao tayari: uwanja ni wa mviringo, lami safi, mafundi wa kiwanda wamejipanga pembeni, na hakuna matatu inayokukatizia pale Roysambu. Wote wawili wanaitazama kilomita. Mimi natazama saa.

Tuseme gari la Nairobi, ukijumlisha foleni za asubuhi na jioni, lina wastani wa kilomita 20 kwa saa. Saa 447 za Arizona, kwa mwendo huo, hazifikishi hata kilomita 9,000. Yaani yule kijana wa kadi iliyonyooka, anapongoja 10,000 ndipo amwage oili, oili moja ileile imefanya kazi kwa saa 500. Imetumika kwa muda mrefu kuliko rekodi nzima. Na si saa za kukimbia na hewa baridi ikipita kwenye kile kipoza hewa kilicho juu ya injini. Ni saa za kusimama, boneti ikiiva, petroli isiyoungua vizuri ikichuruzika kwenye oili kwa sababu safari ya kwenda shule na kurudi imeisha kabla injini haijapata joto lake. Odometa haiyaoni hayo. Inahesabu magurudumu.

Watengenezaji wenyewe walijua. Nchini Marekani Subaru waliteremsha muda wa kumwaga oili kwa magari yao ya turbo hadi maili 3,750, kama kilomita 6,000. Huko kuna barabara kuu za kunyooka. Kwetu mimi ningesema 5,000, na kwa anayeshinda Mombasa Road, 4,000. Pia ni kuvuta kijiti cha oili kila Jumamosi, kwa maana injini hizi hunywa oili kidogo hata zikiwa nzima, na sampu yake, beseni la oili lililo chini ya injini, ni ya lita nne na kitu. Ikipungua lita moja, umepoteza karibu robo. (Kuna watu wamefunga kifaa cha kuiacha injini ingurume dakika tatu baada ya kuzima, ili turbo ipoe. Wanasimama getini na funguo mkononi, majirani wakisikiliza, na oili iliyo ndani ni ya Pasaka iliyopita.)

Sasa upande wa pili, na una hoja. Injini inayohitaji uangalizi wa aina hii imekosea soko, watasema, na gari la familia linapaswa kuvumilia uzembe wa familia. Ni kweli pia kwamba EJ20 ina udhaifu wa kuzaliwa nao. Kwa kuwa pistoni zimelazwa pande mbili, kranki yake, shafti inayozungushwa na pistoni, ni fupi, na beringi za koneki zake, vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki, ni nyembamba. Zikikosa oili kwa muda mfupi tu zinaanza kugonga, na zikigonga hakuna kurekebisha kwa bei ya huruma. Mkanda wa taimingi una ukomo wa kilomita 100,000, ukikatika pistoni zinakutana na valvu, na gari la mtumba linaweza kufika na odometa inayosoma 78,000 ambayo hakuna anayeweza kuiapia. Kubadilisha plagi tu kwataka fundi mwenye mikono myembamba. Na mafuta: gari hili Japani liliandikiwa petroli ya oktani ya juu, sisi tunalijazia super yoyote pampu iliyo karibu. Anayenunua gari kwa kazi ya shule, soko na kanisa, farasi 148 zinamtosha, na mimi mwenyewe ningemshauri aachane na turbo.

Lakini hiyo ni hoja ya mnunuzi na mahitaji yake, si ya ubovu wa injini. Wengi wa wanaoilaumu waliinunua kutoka kwa mtu aliyeinunua kutoka kwa kijana aliyebadilisha eksosi, akafunga valvu ya kupumulia nje ili isikike "pshaa," akaongezewa msukumo na fundi wa laptopu, kisha akairudishia eksosi ya kiwandani siku ya kuuza. Anayemiliki sasa anaona mwisho tu wa hadithi.

Pale Kirinyaga Road kazi iliendelea hadi saa tisa. Turbo ya mtumba ilifungwa. Fundi akauliza kama lile chujio lirudishwe au liachwe, maana wengi hulitupa ili lisizibe tena. Mwenye gari akanitazama. Nikamwambia likitupwa, uchafu uliokuwa ukinaswa pale sasa utaingia kwenye turbo moja kwa moja. Likanunuliwa jipya. Oili ikamiminwa, injini ikawashwa, ikatulia. Fundi akajifuta mikono, akachukua kalamu na kadi mpya.

"Niandike elfu ngapi, boss?"

"Elfu tano," akasema yule kijana. Halafu, fundi alipokuwa anaandika: "Ama elfu saba haitafika?"