Miezi minne bila kuwasha jiko

Nianze na kukiri kabisa, mi nliingia kwenye kula vyakula vibichi kwa sababu ya maembe. Sio sayansi wala nini. Ilikuwa Desemba, pale soko la Buguruni maembe yamemwagwa mpaka njia ya kupita hamna, dodo, bolibo, ndoo nzima unaondoka nayo kwa hela ya chipsi mayai mbili tatu, na mimi wiki hiyo hiyo nlikuwa nimetoka kupima nimeambiwa presha inapanda na kilo zimezidi. Nikasema basi, kuanzia Jumatatu mimi na jiko tumeachana.

Kwa ambao hamjui, wenyewe wanakula matunda, mboga za majani, karanga, korosho, ufuta, nafaka zilizooteshwa, na kama kitu kitapashwa basi moto usizidi nyuzi 42 hivi, wengine wanasogea mpaka 48. Ukiuliza kwa nini unaambiwa moto unaua vimeng'enya vya chakula, vile ambavyo eti vinakusaidia kukisaga tumboni. Mi mwenyewe nliimba huo wimbo kwa majirani mwezi mzima mpaka siku nlipokaa nikafikiria. Vimeng'enya ni protini, vikifika tumboni asidi inavishughulikia kama inavyoshughulikia nyama, na mchicha haukuvitengeneza ili umsagie mtu chakula, uliviweka kwa shughuli zake wenyewe. Alafu nyuzi 42 jamani, ukiacha embe kwenye dashibodi ya gari Kariakoo mchana wa Februari si umeshapika tayari?

Na wala sio mambo mapya. Uswisi kulikuwa na daktari anaitwa Maximilian Bircher-Benner, zaidi ya miaka 100 iliyopita huko Zurich alikuwa anawalisha wagonjwa wake tufaha zilizoparazwa na nafaka ya oti iliyolowekwa, ndo mwanzo wa ile muesli ya supamaketi, ya kunywea chai asubuhi na maziwa. Kilichonichekesha ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa anatia maziwa ya kopo. Ya kopo! Sasa hivi ukifanya hivyo mbele ya wenye imani kali unafukuzwa.

Mwezi wa kwanza nisiseme uongo, ulikuwa mtamu. Asubuhi papai na ndimu, mchana kachumbari bakuli zima na parachichi, jioni ndizi kisukari na korosho. Ngozi ikang'aa, choo kikawa kama saa, kilo 5 zikaondoka bila mazoezi. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ambao huwa unaniishia ndani ya mwezi ukakaa tu pale kama pambo. Presha nayo ikashuka, na hapo naweka mabano, sijui kama ilishuka kwa sababu ya ubichi au kwa sababu nliacha chipsi, soda na zile mandazi za ofisini saa nne, maana vyote nliviacha siku moja. Nadhani mandazi ndo walikuwa wahalifu.

Shida ya kwanza ikawa kuosha. Ukipika mchicha, moto unakufanyia kazi yako ya usafi, vijidudu vinakufa wewe unaimba zako. Ukiula mbichi usafi wote ni juu yako. Unaukuna jani jani, unaloweka kwenye maji ya chumvi, unasuuza, na hayo maji ya kusuuzia ni lazima yawe ya kuchemsha, kwa hiyo jiko umeliwasha vilevile ila huli kitu cha moto. Tena mji huu huu ambao 2015 ulipigwa na kipindupindu. Na ukiwa unajua mchicha mwingi wa sokoni unatoka mabonde kama ya Msimbazi, na maji ya Msimbazi yalivyo, basi kila ukitafuna unakuwa na mawazo. (Ingawa tuwe wakweli, uchafu wa viwandani, mambo ya madini ya risasi na wenzake, hata ukichemsha hautoki.) Mwishowe nikawa naishi na tango, karoti na kabeji, vitu vya kumenya, majani nikayaogopa.

Alafu kikaja kisa cha maharage. Nlikuwa naotesha choroko kwenye kitambaa kibichi, siku ya pili vimkia vyeupe vimetoka, unakula na ndimu na chumvi kidogo, tamu kweli. Nikajiona mtaalamu. Nikaloweka maharage mekundu, siku ya tatu yakaanza kupasuka, nikachukua kiganja nikachanganya na nyanya nikala saa moja jioni. Saa tatu na nusu niko sakafuni chooni nimekumbatia ndoo, natapika mpaka nakosa cha kutapika, tumbo linanyonga, jasho la baridi, na binti yangu wa miaka 9 kasimama mlangoni na kikombe cha maji ananiambia mama mi nlikwambia yananuka. Maharage mabichi yana sumu yake, na mekundu ndo yanaongoza, hata punje nne tano zinatosha kumlaza mtu. Kuloweka peke yake hakuitoi, ni mpaka uyachemshe maji yakitokota kweli kweli angalau dakika 10, na ukiyapasha nusunusu unaweza kuizidisha. Bibi zetu wanaochemsha maharage nusu siku hawakuwa wajinga, nami na elimu yangu yote ndo nlikuwa mjinga.

Baada ya hapo nikaanza kuangalia vyakula vyetu kwa jicho lingine, maana nyumbani karibu kila kitu cha kushibisha kinadai moto. Kisamvu kibichi kina sumu ya sayanaidi, ndo maana kinatwangwa kikachemshwa weee. Gimbi bichi linawasha kuanzia mikononi mpaka kooni. Unga wa ugali mkavu utaulaje? Muhogo nao una mambo yake. Hapa Dar kuna wale kaka wa mikokoteni wanauza muhogo mbichi, nazi na karanga, anakumenyea, anakukatia kipande cha nazi, anakunyunyizia chumvi na pilipili, na wateja wake wengi ni wanaume na sababu kila mtu anaijua. Nlikuwa mteja mzuri pale, naona aibu kidogo kusimama foleni ile lakini chakula ni chakula. Siku moja nikamuuliza kaka unajuaje huu sio mchungu, akacheka, akakata kipande akatafuna mbele yangu, akasema dada mi nikianguka we usile. Muhogo mtamu haina neno ukila kidogo, ila ule mchungu ukiuzoea bila kuuandaa vizuri, wakati wa njaa hasa, unaleta konzo, ugonjwa wa miguu kupooza ghafla, na Mtwara na Mara wameuona kwa macho. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa huko kwamba asili ya binadamu ni kula vitu bila kupika, atakuangalia tu.

Ila kilichonitoa kwenye reli ni njaa. Yaani unakula, tumbo linajaa, unabeua, na njaa iko palepale. Mwezi wa tatu nlikuwa nimeshapungua kilo 11 na kila mtu ananisifia, kumbe usiku naota ugali. Nawatobolea siri: taya zinauma. Kuna mwanasayansi Mwingereza, Richard Wrangham, miaka ya 70 alikuwa Gombe kule Kigoma anafuatilia sokwe, akajaribu kula wanachokula wao, akabaki na njaa. Miaka ya baadaye akaja na hoja kwamba kupika ndo kulitufanya tukawa watu, maana moto unalainisha wanga na nyama, mwili unavuna nguvu nyingi zaidi kwa kutafuna kidogo, wakati sokwe anamaliza kama masaa 6 ya siku yake anatafuna. Wapo wenzake wanaombishia kuhusu lini moto ulianza. Mimi kwenye suala la njaa siwezi kumbishia, nimeishi humo.

Na wanawake wenzangu hii naomba msiiruke. Februari siku zangu hazikuja. Nikapima mimba, hamna. Machi hazikuja. Nesi mmoja dada mtu mzima akaniuliza maswali mawili tu, unakula nini na umepungua kilo ngapi, akatikisa kichwa. Baadaye ndo nikakutana na utafiti wa Giessen, Ujerumani, wa mwaka 1999, waliwafuatilia watu zaidi ya 500 wanaokula vibichi muda mrefu, na kwa wanawake walio chini ya miaka 45 kama asilimia 30 hedhi zilikuwa zimevurugika au zimekata kabisa. Mwili ukiona hakuna akiba unafunga duka la uzazi. Hapo bado sijagusa vitamini B12, ambayo kwenye mimea haipo, na inaisha polepole miaka na miaka mpaka siku vidole vinaanza kufa ganzi.

Machi hiyo hiyo Ramadhani ikaingia na maembe yakawa yameisha, masika yameanza, parachichi moja ukiuliza bei unarudisha mkono mfukoni. Kufungua kwa tende na maji ya madafu, safi, hapo nlikuwa sawa na kila mtu. Ila wenzangu wakimaliza tende wanavuta bakuli la magimbi ya nazi, uji wa pilipili manga, tambi, mimi navuta tango. Wiki ya pili shemeji akaacha kunialika, akasema anaona dhambi kula mbele yangu.

Idd nikaenda Tanga kwa mama. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, akaninyamazia akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, akasema unaumwa nini hutaki kuniambia. Hakungoja jibu. Alikuwa amepika wali wa nazi kwa mkaa, samaki wa kupaka, mchicha wa nazi. Nikakaa na sahani yangu ya matunda, hakunisema hata neno, na mama yangu akikaa kimya ujue. Watu walipomaliza akaichukua ile sufuria, akachukua mwiko, akaanza kukwangua ukoko, ule wa kahawia uliokolea tui, krrr krrr, kama alivyokuwa ananikwangulia nikiwa mdogo wakati wadogo zangu wamelala. Akaweka kwenye kifuniko cha sufuria akasukuma upande wangu, yeye akaendelea kuosha mwiko.

Siku zangu zilirudi mwezi wa sita. Mpaka leo mpaka saa saba mchana sili kitu cha moto, matunda yangu, karanga zangu, choroko zangu zinaota kwenye kitambaa dirishani, kachumbari haikosi, na presha bado iko chini. Maharage yanaanza kuchemka saa kumi. Yule kaka wa muhogo bado nasimama kwake, kipande kimoja na nazi, siku hizi hata foleni siionei aibu.