Mysql ni 112 huku, kule 112 ni nani?

Yaani mtu anafunga seva tatu hapa Tabora, zote Debian (aina ya Linux), zote zinatumia diski moja kupitia NFS, njia ya kushirikiana faili kwenye mtandao, halafu hajali namba za watumiaji wa mfumo, yaani akaunti zinazoendesha huduma, si za watu! Ya kwanza kaanza na MySQL, programu ya hifadhidata, ya pili kaanza na programu ya ufuatiliaji, ya tatu anajua mwenyewe. Debian inagawa namba hizo kuanzia 100 kwenda juu, anayewahi ndiye anayepata, kama siti za treni ya Kigoma. Basi mysql ni 112 huku, kule 112 ni huduma nyingine kabisa.

Na Linux haina habari na majina. Kwenye faili imeandika namba tu, na NFS kwa kawaida inapeleka namba hiyohiyo. Huduma isiyohusika inasoma data ya wenyewe, mwenye data anaambiwa hana ruhusa. Ukichanganya na mashine za Red Hat, Linux ya aina nyingine, ndiyo balaa, maana kule wanaanzia 999 kushuka chini.

Msiniambie LDAP, ile orodha moja ya akaunti inayosomwa na mashine zote. Hiyo tunaitumia kwa akaunti za watu. Hawa wa mfumo kila mashine inawaunda kivyake.

Kazi yenyewe si kubwa: tengeneza kundi na mtumiaji kwa namba uliyoichagua, ileile kwenye kila seva, `groupadd -r -g` kisha `useradd -r -u -g`, kabla ya kusakinisha programu. Kwa kawaida kifurushi kikikuta jina lipo, kinalitumia. Lakini wapi! Wenzetu wakikwama wanapiga `chmod -R 777` folda nzima, yaani ruhusa zote kwa kila mtu, wanaandika "imetatuliwa", wanaenda kunywa chai.