Lebo ya "Kuchelewa"

Nilipokuwa nikiandika tasnifu kuhusu mabadiliko ya tabianchi na kilimo, viungo vyangu vyote vya utafiti nilivihifadhi katika kivinjari cha kompyuta moja, na kompyuta hiyo ilipokata roho vikazikwa nayo. Ndipo mwanafunzi mwenzangu aliponielekeza kwenye tovuti ya kuhifadhi alamisho mtandaoni, ambako kila kiungo hupewa lebo, huandikiwa maelezo mafupi chini yake, na huonekana na kila mtu isipokuwa mwenye nacho awe amechagua kukificha. Hilo la kuficha alilitaja mara mbili, nami nililisikiliza kama mtu anavyosikiliza masharti ya mkataba.

Mtindo huu wa lebo ulienezwa na tovuti ya Delicious, iliyoanzishwa mwaka 2003, na humo nafasi tupu ndiyo iliyotenganisha lebo moja na nyingine. Tovuti niliyojiunga nayo ilifuata utaratibu huo huo, lakini mimi niliandika "mabadiliko ya tabianchi" kwa ukamilifu, nayo mashine ikayapasua maneno hayo kuwa lebo tatu: "mabadiliko", "ya" na "tabianchi". Baada ya wiki mbili, lebo iliyonenepa kuliko zote katika ukurasa wangu, kwa kuwa huko lebo hunenepa kadiri inavyotumika, ilikuwa "ya". Nilipoibofya ili nione watafiti wengine wameweka nini chini yake, nilikuta riwaya za vijana na wanyonya damu waliopendana, kwani wasomaji wa Kiingereza hutumia herufi hizo mbili kufupisha "young adult", yaani fasihi ya vijana. Nilicheka peke yangu, nikaendelea kuandika lebo vile vile.

Sura ya tatu ya tasnifu hiyo ilihusu kuchelewa kwa mvua, na kila makala niliyoipata niliipa lebo hiyo. Ikumbukwe kwamba sura yenyewe nayo ilikuwa imechelewa, tena kwa miezi minne. Kwa hiyo usiku, badala ya kuiandika, nilikusanya makala za kunifaa kwa njia nyingine: namna ya kuomba muda zaidi, namna ya kumtuliza msimamizi, na moja nzuri mno kuhusu barua pepe zinazodaiwa kupotea njiani. Hizo nilizipa lebo "udhuru wa kuchelewa".

Siku moja Profesa aliniandikia akiomba makala zangu za mvua. Kwa kuwa sikutaka kumtumia viungo kimoja kimoja kama mtu wa zamani, nilimtumia anwani ya lebo moja tu, "kuchelewa", nikaongeza kwa fahari: "Shikamoo Profesa. Humo utakuta kila kitu."

Kweli alikuta kila kitu. Makala 14 zilikuwa za mvua na 9 zilikuwa zangu mimi, zikiwa zimechanganyika kwa mpangilio wa tarehe, ukame ukifuatwa na uongo, uongo ukifuatwa na mafuriko. Hayo ningeweza kuyatafutia maelezo, kama si yale niliyokuwa nimeyaandika kwa mkono wangu chini ya kila kiungo. Chini ya kimoja palisomeka: "Huu wa kompyuta kufa nimeshautumia Machi na Mei, usirudiwe." Chini ya kingine: "Unafaa, lakini Profesa si mwepesi kiasi hicho." (Hakika hakuwa.)

Jibu lake lilifika baada ya saa moja. "Nimezisoma zote 23. Za mvua umezihifadhi bila neno lolote. Hizi nyingine umezichambua kwa kina. Nitafurahi nikiona uchambuzi wa namna hiyo ukihamia kwenye mvua."

Nilikimbilia ukurasa wangu ili nifute ushahidi, nikakuta amekwisha kujiunga na tovuti ile ile na kunitumia kiungo chake cha kwanza, kalenda ya chuo, chenye lebo moja isiyopasuka: "sura_ya_tatu_ijumaa_saa_nne".