Mzee wa Kutikisa ATM

Jamani, mshahara wenyewe ukiingia haulali, lakini kuutoa siku hizi kunataka mafunzo ya ukomandoo!

Nikifika ATM, kwanza nalikamata lile tundu la kuingizia kadi, nalitikisa kama fundi meno aliyekutana na gego bovu. Maana wezi wa kadi wanabandika juu yake kifuniko cha rangi ileile, ndani kuna kidude kinachonakili ule utepe mweusi wa mgongoni mwa kadi. Kadi inaingia, hela inatoka, risiti unapewa, na asante unasema. Baadaye salio lako linakula bata kwenye mji ambao wewe mwenyewe hujawahi kuukanyaga.

Mlinzi naye kanikodolea macho. "Mzee, unavunja mashine ya watu?" Sasa mwanangu, siku wanakuja kubandika utakuwa wapi, chooni? Na foleni nzima ya mwisho wa mwezi inaguna, kijana mmoja ananishauri nikatikise mwembe.

Namba ya siri ndiyo kituko kabisa. Kamera yao kitundu tu juu ya vitufe, huioni. Basi nafunika kwa kiganja, nafunika na kofia, mpaka mimi mwenyewe sioni ninachobonyeza. Mashine: namba si sahihi. Foleni: aaaah!

Eti kadi ya chipu ni salama, kila muamala inatoa msimbo mpya, ukiibwa haufai tena. Haya, nimeelewa. Sasa ule utepe wa sumaku bado unatafuta nini mgongoni mwa kadi? Mambo ya miaka ya 1960 yale! Umri wa kustaafu umefika, ofisini hautoki.

Hotelini nako, mhudumu kachukua kadi yangu anaingia nayo jikoni. Nikamfuata hadi kwenye masufuria. Mashine ije mezani bwana, kadi yangu haijui kupika.

Meseji za miamala nimejiunga, ili hela ikiguswa tu nipige simu benki kadi ifungwe. Juzi saa nane usiku, ti! Nikaruka kitandani, Mama Zuhura kaamka, watoto wameamka, miwani haionekani. Kuja kusoma, kumbe benki yenyewe imechukua makato ya mwezi.

Sasa hao nimpigie nani ili wafungwe?