Biri za Bosi na Jasho Langu

Nyie mnalalamikia bei ya mchele na foleni ya Mwenge. Mimi naomba leo nilalamikie asilimia.

Natunza nyumba ya bosi mmoja huku Masaki. Katika vyote vilivyomo, magari, majokofu, mbwa wawili wanaokula nyama kuliko wanangu, kinachoninyima usingizi ni sanduku la biri. Zile biri, yaani sigara nene za Kuba, kila moja imevishwa pete kama bibi harusi. Bosi ni mtu wa safari. Akiondoka hasemi "nitunzie nyumba." Anasema, "Angalia unyevu." Ndani ya sanduku kuna kipimo kidogo cha unyevu wa hewa, na kila asubuhi, kabla sijagusa chai, nakipiga picha namtumia. Mimi, ambaye asilimia pekee niliyowahi kuijua ni ile ya ripoti ya shule, na nilikuwa naificha chini ya godoro!

Kanuni ya kwanza niliyopewa ilikuwa sabini kwa sabini: unyevu asilimia 70, joto nyuzi 70. Nikauliza, bosi, nyuzi 70 si tutakuwa tunazipika? Kumbe ni za Farenhaiti, kwa hesabu yetu kama 21. Haya. Sasa niambieni, nani Dar es Salaam anaijua nyuzi 21 bila kiyoyozi? Kanuni hii wameizoea watu wa nchi za baridi, ambao wakiwasha mashine za kupasha joto nyumba, hewa ya ndani inakauka mpaka midomo inapasuka. Kwao kazi ni kuongeza maji. Ndiyo maana kikaratasi kilichokuja na sanduku kinaimba wimbo mmoja tu: loweka sponji, tia maji, ongeza maji. Huku kwetu, asubuhi ya masika, hewa imepita 80, viatu kabatini vimeota ndevu za kijani, mlango wa choo umevimba haufungiki mpaka uusukume kwa goti, halafu mimi niongeze maji!

Amri ni amri. Nikatumwa maji yaliyokusanywa kwa mvuke, kwa sababu ya bomba yana chokaa na madini yanayoziba sponji. Hayo mtaani yanaitwa maji ya betri. Muuza vipuri akaniuliza, "Betri ya gari gani, mzee?" Nikamwambia si ya gari, ni ya sigara. Akamtazama mwenzake. Akanionya nisije nikabeba asidi, kisha akapandisha bei, maana alishajua hela inatoka upande gani wa mji.

Sponji likanywa, kipimo kikapanda. 70, 74, 77. Bosi kwenye simu anahema. Kisa ni kwamba biri ikizidiwa unyevu inavimba, ganda la nje linapasuka, moto unaila upande mmoja, na mvutaji anavuta mpaka macho yanamtoka. Hewa ikikaa juu ya 75, ukungu nao unakaribia. Ikishuka chini ya 60, biri inakauka, inapoteza mafuta na harufu yake, inaungua haraka na kuchoma ulimi. Yaani biri inataka kuishi pale katikati, isiyopungukiwa wala kuzidiwa. Hata mimi nataka!

Mngedhani basi katikati panajulikana. Hapajulikani. Bosi ana marafiki wa kuvuta naye kibarazani, watu wazima wenye wajukuu. Mmoja ni wa 70, mwingine ni wa 65, wa tatu anaapa kwamba biri ya Kuba haiwi tamu mpaka ilale 62. Wamewahi kununiana kwa sababu ya asilimia tano. Mimi napita na sinia la korosho, siulizwi, lakini msimamo ninao: ukiwa pwani, chukua 65. Kila ukifunua sanduku, hewa ya baharini inajikaribisha yenyewe. Ukikaa 70, nafasi ya kukosea huna. Na bosi anapenda kupiga simu ya video usiku: "Fungua nione." Nafungua. Anaziangalia. Zinamwangalia. Unyevu unaingia. Asubuhi ananiuliza kwa nini namba imepanda.

Siku hizi sponji tumelitupa. Tunaweka vipakiti vyenye chumvi maalumu na maji, vilivyoandikwa namba: 62, 65, 69, 72. Hewa ikiwa kavu vinatoa unyevu, ikizidi vinanyonya. Hicho ndicho kitu pekee cha bosi ninachokiheshimu, kwa sababu kinafanya kazi bila kutumiwa ujumbe.

Kisha yule wa 62 akamtia bosi wasiwasi kwamba huenda kipimo chenyewe kinadanganya. Dawa yake ni chumvi ya mezani. Unaweka kijiko chake kwenye kifuniko, unatia matone ya maji ilowe bila kuyeyuka, unafungia pamoja na kipimo kwenye mfuko usiopitisha hewa, unaacha mpaka kesho yake. Humo ndani hewa itatulia kwenye 75. Kipimo kikisema 79, unajua kinaongeza nne za uongo. Nikaenda jikoni kuomba chumvi. Mama Zuhura, mke wangu, akanionyesha kikopo: chumvi imelowa, inatiririka, na punje za mchele alizotia humo nazo zimekata tamaa. "Baba Zuhura, unapima nini zaidi ya hiki?" Na ana haki. Chumvi huanza kujiyeyusha yenyewe hewa ikipita hiyo hiyo 75. Huyu mama ana maabara jikoni tangu tuoane, hajawahi kulipwa hata posho.

Na wadudu je? Kuna kimdudu kidogo cha kahawia, ukubwa wa punje ya mtama au chini ya hapo, kinachotoboa biri kwa vitundu kana kwamba mtu kapitisha sindano. Mayai yake yanaweza kuwa ndani tangu zamani, yametulia, yakisubiri joto lipite kama nyuzi 24. Dar hapo si ndiyo kijijini kwao! Umeme ukikatika, kiyoyozi kikazima, mimi namwazia yule mdudu anavyonyoosha mbawa. Ikabidi kila biri mpya zifungwe mifuko miwili na kulazwa siku kadhaa kwenye friza, kisha zihamie kwenye friji ya kawaida, ndipo zitolewe nje. Taratibu, zisishtuke na kupasuka. Changu na pweza wetu wakahamishwa. Samaki tukala mfululizo ili biri zipate chumba.

Sanduku lenyewe ndani limevalishwa mbao ya mti unaoitwa Cedrela odorata, wa Amerika, ukoo mmoja na mwarobaini na mkangazi. Unanukia vizuri na unapatana na unyevu. Bosi alivyousifu nilidhani unaota peponi. Mimi ni wa Matombo, Morogoro, na pale jirani kwenye msitu wa Kimboza mti huu ulipandwa zamani, sasa umevamia msitu na watu wa misitu wanahangaika jinsi ya kuutoa. Kwetu ni mvamizi, Masaki ni fanicha. Lakini nisishangae sana. Sanduku la biri alilopewa Rais Kennedy wa Marekani lilinadiwa New York mwaka 1996 kwa dola 574,500.

Sasa juzi, masika imekolea, sare za shule za Zuhura zimetundikwa ndani tangu wiki iliyopita na zimeanza kunuka, nikachukua kile kipimo nikakipeleka chumbani kwetu uani. 84. Nikajitazama mkono kama nimeota ukungu. Kisha, kwa kuwa ilikuwa asubuhi na mimi ni mtu wa utaratibu, nikapiga picha nikaituma. Sikuandika neno lolote.

Simu ikaita kabla sijairudisha mfukoni. "Themanini na nne?!" Nikamwambia ndiyo bosi, ndivyo kinavyosoma. Kwa nini? Nikamwambia masika, bosi. Hela ya mashine ya kunyonya unyevu iliingia kwenye simu hapo hapo, na ya fundi, na ya bajaji ya kuibebea.

Biri ziko 65, hilo sitamdanganya mtu. Mashine nayo imefungwa, inajaza ndoo ya maji kila siku, na sare zinakauka usiku mmoja. Jana bosi kauliza kama ina kelele. Nikamwambia haina, hata watoto wanalala.