Adhana ya Dar, kivuli cha Kigoma

Nilipokuwa na miaka minane nilichapwa vidole kwa sababu ya longitudo, ingawa neno lenyewe nilikuwa silijui. Ilikuwa Ramadhani, funga yangu ya kwanza kufika nayo jioni, na tulikuwa Ujiji, jirani na mji wa Kigoma, kwa bibi mzaa mama. Tende ziko kwenye kisahani, uji wa pilipili manga unafuka, redio imewekwa dirishani. Redio ikaadhini. Mwadhini hajamaliza takbira, mkono wangu umeshafika kwenye kisahani, na mkono wa bibi umeshafika juu ya wangu. "Hiyo ya Dar," akasema. "Sisi bado."

Nikachungulia nje. Kweli, jua lilikuwa limekaa juu ya ziwa, upande wa Kongo, wala halikuwa na haraka yoyote. Tukasubiri karibu dakika 40. Mtoto yeyote aliyekulia Ujiji anazijua hizo dakika 40 kwa tumbo lake.

Miaka sita baadaye, kidato cha pili, tukafundishwa kukokotoa saa kwa longitudo, ile mistari ya ramani inayotoka kaskazini kwenda kusini. Dunia inajizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, kwa hiyo nyuzi 15 kwa saa moja, nyuzi moja kwa dakika nne. Swali lilikuja kwa Kiingereza: mji A uko nyuzi 30 mashariki, mji B uko nyuzi kadhaa mbele yake, ikiwa A ni saa fulani, B ni saa ngapi? Nikazidisha, nikagawanya, nikapata vema nyekundu kubwa. Mji A haukuwa na jina wala bibi wala tende. Haikunipitia kichwani kwamba Kigoma iko karibu kabisa na hizo nyuzi 30, kwamba Dar es Salaam iko kwenye 39 na ushei, na kwamba ukichukua tofauti ya nyuzi kumi kasoro kidogo ukazidisha kwa nne unapata dakika zile zile nilizochapwa nazo.

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, na ndiyo sababu ya kuandika haya. Sikufundishwa uongo. Nilifundishwa kweli tupu, ila kweli ya mahali pasipo na mtu.

Chuoni nilichukua somo la astronomia na sayansi ya dunia kwa sababu lilikuwa la hiari na ratiba yake ilinifaa. (Jambo moja pembeni: ukiwaambia watu nyumbani unasoma unajimu, wanakuletea viganja uwasomee nyota. Siku hizi nasema nasoma elimu ya falaki. Wanadhani ni dini, wananiacha.) Mhadhiri wetu alikuwa na tabia ya kutoa kazi za ajabu. Kabla ya likizo ndefu alisema kila mmoja akapime saa sita ya kwao. Akatupa namna ya kutafuta siku ambayo jua linapita utosini. Jua huenda kaskazini na kurudi kusini kila mwaka, na sisi tulio katikati linatupita kichwani mara mbili. Kwa Kigoma, ambayo iko karibu nyuzi tano kusini mwa ikweta, siku hizo huangukia karibu na tarehe 8 Machi na tarehe 5 Oktoba.

Basi tarehe 5 Oktoba, nyumbani kwetu Mwanga, hapo Kigoma mjini, nikakata mpini wa fagio urefu wa mita moja, nikauchimbia uani, nikaunyoosha kwa uzi uliofungwa jiwe. Mjomba akapita akauliza kama ada yote ile ndiyo imenunua mpini wa fagio. Saa sita kamili mchana nikainama kutazama kivuli kikiisha. Hakikuisha. Kilikuwa sentimita 22, kimelala kuelekea ziwani, kimetulia. Watoto wa jirani wakacheka. Nikapima upya unyoofu wa fimbo, iko sawa. Nikaangalia simu, iko sawa.

Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Saa sita na robo kivuli kimepungua. Saa sita na nusu kimekuwa kama kidole. Ilipofika saa saba kasoro dakika kumi kilikuwa kimeingia chote chini ya fimbo, na fimbo ikabaki imesimama uani peke yake kama imesahau kitu. Watoto nao wakanyamaza, wakaanza kutazama miguu yao.

Kwa jirani kulikuwa na mgeni, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Nilimuuliza kwake ni saa ngapi. Simu yake alikuwa hajaibadilisha tangu avuke. "Kwetu saa sita bado dakika kumi," akasema. Hapo ndipo nilipocheka mwenyewe. Mashariki ya Kongo na Burundi wanafuata saa iliyo nyuma ya yetu kwa saa moja nzima, saa ya mstari wa nyuzi 30, ambao unatupitia karibu mlangoni. Saa yetu Watanzania ni ya mstari wa nyuzi 45, na mstari huo haugusi nchi yetu hata kidogo. Unapita jirani na Mogadishu, unashuka baharini, unakatiza magharibi ya Madagaska. Dar yenyewe inadanganywa kidogo. Sisi wa mwisho wa reli tunadanganywa saa nzima.

Na tazama kinachotupata. Saa ya Kiswahili inaanza kuhesabiwa jua likichomoza: saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana. Kigoma, saa 12 asubuhi mtoto anatoka nyumbani kwenda shule kukiwa giza totoro, anaongozana na wenzake kwa tochi ya simu, na hata saa moja kasorobo mwezi wa kumi jua ndiyo kwanza linatokeza. Jioni nayo, saa moja usiku unaweza kusoma gazeti barazani. Sisemi tubadilishe saa. Nchi moja saa moja, treni na benki na mitihani ya taifa haviwezi kusubiri kivuli cha Mwanga. Nasema tu kwamba mtoto anayetembea gizani kila asubuhi anastahili kuambiwa kwa nini, na sababu hiyo iko kwenye silabasi tayari, imevaa jina la mji A.

Najua jibu ninalopewa kila nikisema haya: hatuna vifaa, hatuna darubini. Mimi darubini naitaka sana, sijawahi kutazama pete za sayari ya Zohali kwa jicho langu. Lakini kutokuwa na darubini kumefanywa kisingizio cha kutotazama kabisa. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa. Kule Rujewa, Mbeya, watu walisafiri kutoka mbali kwenda kuona jua likibaki pete nzima. Kwetu lilimegwa tu. Shule niliyokuwa nasoma ilitufungia darasani, mapazia yameshushwa, tusije tukapofuka. Hofu ya macho ilikuwa ya haki. Ila mimi nilikuwa nimeomba kwenda chooni, nikapita chini ya mwembe, na pale mchangani, kila tundu dogo la mwanga lililopenya kwenye majani lilikuwa limekuwa mwezi mchanga, picha ya jua lililomegwa. Mamia ya miezi, yote imegeukia upande mmoja. Hakuna aliyehitaji kutazama juu. Nilirudi darasani nikamwambia mwalimu, akaniambia nikae chini.

Wavuvi hawakusubiri darubini. Dagaa wetu wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, sasa nyingi za betri na sola. Samaki wanafuata mwanga, wanajikusanya chini ya taa, wavu unapandishwa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa na taa inakosa kazi, kwa hiyo mbalamwezi ndiyo likizo ya ziwani. Mzee mmoja wa Katonga nilimwamkia, nikamuuliza baada ya mwezi mpevu wanarudi lini majini. Akanijibu bila kufikiri: "Siku ya pili mwezi unakuachia nafasi ya kula tu. Ya tatu, kula na kuswali. Ya nne, unashusha wavu mara moja." Kitabu changu kinasema mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Mzee amesema kile kile, ila lake ni rahisi kukumbuka.

Hata Kilimia tunalo. Kale kakundi ka nyota kanakoonekana kama vumbi lililomwagika, wazee wa Waswahili walikapa jina linalotokana na kulima, na msemo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Sisi shuleni tuliambiwa tutafute nyota ya kaskazini. Kutoka Kigoma nyota ya kaskazini haionekani. Iko chini ya upeo, nyuma ya Burundi na zaidi. Nilikesha usiku mzima nikiitafuta, sitaki kusema nilikuwa na umri gani.

Upande wa dunia yenyewe nilidhani nitachoka, maana mawe hayajawahi kunivutia. Kumbe nilikuwa naogelea juu ya somo. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani kwa kina baada ya Ziwa Baikal la Urusi, na uso wake uko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari. Toa moja kwenye nyingine: sakafu yake iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari, huku tukijiona watu wa nyanda za juu. Na maji yale hayachanganyiki mpaka chini. Ukishapita mita mia na kitu, mia mbili, hewa ya oksijeni inakwisha, na chini ya hapo hakuna dagaa wala mgebuka, ni maji tu na giza. Ziwa letu refu lote lile linaishi kwenye ngozi yake ya juu.

Limetokana na ardhi kupasuka, Bonde la Ufa tawi la magharibi, na bado linapasuka, milimita mbili tatu kwa mwaka. Bibi yangu ana miaka sabini. Tangu azaliwe, Kongo haijasogea hata shibiri moja. Lakini mara moja moja ardhi inalipa deni kwa mkupuo: Desemba 5, 2005, saa tisa na dakika ishirini hivi alasiri, tetemeko la kipimo cha 6.8 lilitokea chini ya ziwa, kusini kwetu. Mama anasema sufuria ziliimba. Mto Malagarasi nao wanasayansi wanauona ni mkubwa kwa umri kuliko ziwa unaloingia. Zamani ulikwenda zake mpaka mto Kongo, ufa ukafunguka katikati na kuukata. Samaki wa Malagarasi bado wana ndugu zao Kongo. Nusu ya Ujiji nayo pia.

Machi nilikuwa chuoni, kwa hiyo kipimo cha pili nilimwachia mdogo wangu. Ilikuwa Ramadhani tena. Bibi akanipigia kutoka Ujiji kulalamika kwamba namsimamisha mtoto juani na funga yake. Mdogo wangu akanitumia picha kwa WhatsApp: kivuli kimeisha saa saba na dakika 12. Akaandika, "Umekosea. Oktoba ulisema saba kasoro kumi."

Hakuna aliyekosea. Dunia haizunguki jua kwa mwendo mmoja. Mwanzoni mwa Januari iko karibu zaidi na jua na inakwenda mbio, na mhimili wake umeinama nyuzi 23 na nusu. Mambo hayo mawili yakiungana, jua linatangulia saa kwa dakika kumi na moja hivi Oktoba, linabaki nyuma kwa dakika kama hizo Machi. Niliyaandika yote hayo, nikayafuta. Nikamwambia apime kila wiki mpaka mwaka uishe, atanieleza mwenyewe. Akauliza nani ananunua bando.

Nimemtumia. Picha ya wiki iliyofuata imeshafika: sentimita tano kasoro kidogo, na kivuli kimegeuka, kimelala kusini, kuelekea Ujiji kwa bibi.